Shaba ya Friji Chini ya Gari la Mshonaji

Pale gerejini watu walimwita Bi Paipu. Jina alilipata kwa mpaka rangi wa jirani, ambaye kila akitupa macho upande ule alimkuta mwanamke huyu ameshika kipande cha paipu ya breki, anakipinda, anakitazama kwa jicho moja kama mtu anayelenga shabaha, kisha anakipinda tena. Mwanzoni alikasirika. Baadaye akachoka kukasirika, na jina likamganda.

Hakupanga kuwa fundi. Alipomaliza shule alikaa nyumbani akingoja kazi ya ofisini, na kazi ya ofisini nayo kumbe ilikuwa inamngoja mtu mwingine. Kaka yake, kifungua mimba wa mama yao, tayari alikuwa na gereji ya breki nyuma ya karakana ya mbao: paa la mabati juu ya nguzo, shimo la kusimama chini ya magari, meza ya chuma yenye jiliwa la kubania vitu, na benchi la wateja ambalo mguu wake mmoja ulikuwa tofali. Asubuhi moja kaka akaja nyumbani akasema, "Mdogo wangu, njoo unisaidie wiki hii tu. Kuna nati iko juu ya ekseli, mkono wangu haupiti. Wako utapita."

Akaenda. Mkono ukapita. Wiki ile haijaisha hadi leo.

Magari waliyoyapokea yalikuwa yale ambayo gereji nyingine zinayakimbia. Magari ya zamani, ya baba na ya babu, yenye viti vilivyoshonwa upya zaidi ya mara moja na milango inayofungika kwa kubembelezwa. Paipu zake za breki zimeoza kwa kutu. Ukiigusa moja kwa ukucha inameguka kama biskuti. Dukani hupati paipu iliyokwisha kupindwa kwa gari la aina hiyo, maana waliolitengeneza walishalisahau. Unanunua paipu nyembamba kama penseli, imenyooka au imeviringwa, unaikata, unaipinda mwenyewe kufuata ile ya zamani, unaitia nati, unaichanua mdomo kama tarumbeta ili isivuje, ndipo unaifunga.

Na kabla ya yote hayo kuna kuchagua. Hilo kaka alimfundisha mapema, wakiwa wamesimama mezani na vipande mbele yao.

"Hii ya chuma ni ngumu kama mama mkwe," alisema. "Utateseka kuipinda, utateseka kuichanua, lakini inavumilia. Adui yake ni kutu tu. Hii nyingine ni shaba iliyochanganywa na nikeli. Pole, inafuata mkono, haijui kutu. Ukiipata ya kweli, usiiache dukani. Sasa tazama hii." Akachukua shaba nyekundu, ile laini ya mafundi wa friji. Akaipinda, akainyoosha, akaipinda, akainyoosha, mpaka ikamkatikia mkononi. "Umeona? Kwenye friji haina neno, friji limekaa tu. Gari linatetemeka siku nzima. Hii ikichoka haikuambii. Usiifunge kwenye gari la mtu hata akupigie magoti."

Kwa wateja wenye haraka alikuwa na maneno yake mengine. "Gari lisipowaka utakasirika," aliwaambia huku anapangusa mikono. "Lisiposimama, hutapata hata nafasi ya kukasirika." Mteja anacheka, anakaa kwenye benchi, benchi linayumba, anasubiri.

Miaka ikapita, mingi yake Bi Paipu akiwa chali. Aliolewa na dereva wa lori, akazaa, akarudi shimoni. Mumewe aliporudi kutoka safari na yeye kutoka gerejini, kila mmoja alimtazama mwenzake kwa huruma, halafu wote wawili wakalala. Watoto walikua, wakahama. Mafuta ya breki yalimkausha ngozi ya vidole ikawa kama karatasi. Shingo ilimkakamaa upande mmoja, upande wa kutazama juu, hata akiwa kanisani au msibani watu walidhani anatafuta kitu darini. Kuna siku alikaa kitandani asubuhi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akasahau alikuwa anavaa au anavua.

Hakuwa na uchungu na maisha. Alikuwa amechoka tu, uchovu ule ambao ukilala unaamka nao na mnaoga wote.

Kaka naye alikuwa anachoka, ila yeye hakuwa mtu wa kusema. Bi Paipu aliona mambo madogo. Spana ilimtoka mkononi ikaanguka shimoni, na kaka akaitukana spana. Chai aliishika kwa viganja vyote viwili kama mtu anayesikia baridi, na jua linawaka. Alipotakiwa kuanzisha nati nyembamba kwa vidole, alisema, "Fanya wewe, mimi miwani nimeisahau." Miwani ilikuwa kichwani.

Halafu Bi Paipu akaugua homa. Ilimlaza ndani siku kadhaa, na kaka akabaki peke yake gerejini. Aliporudi, bado miguu haina nguvu, alikuta kazi zimekwenda vizuri, magari yameondoka, sakafu imefagiwa. "Umeona?" kaka akamwambia. "Bado nipo." Bi Paipu akafurahi, akakaa kwenye benchi, akashukuru Mungu kwamba kwa mara moja hakukuta kazi zikimngoja kwa foleni.

Mambo yakaenda hivyo hadi alipopita fundi wa friji, mtu wa maneno mengi mwenye duka upande wa pili wa barabara.

"Bi Paipu, umepona? Haya. Mwambie kaka yako kama ile shaba ilibaki anirudishie kipande. Kuna friji la bucha limeishiwa gesi, nyama inanuka na mwenye bucha ananuka hasira."

"Shaba gani?"

"Ile aliyochukua kwangu ulipokuwa unaumwa. Nilimtania, nikamwambia siku hizi mnatengeneza friji zenye magurudumu?" Akacheka mwenyewe, akangoja acheke na mwenzake.

Bi Paipu hakucheka. Alimwambia atamwuliza, akamsindikiza kwa macho mpaka akavuka barabara. Kisha akaenda pembeni, nyuma ya mapipa, wanakoweka mabaki ya paipu. Akainua gunia. Chini yake kulikuwa na msokoto wa shaba nyekundu, mwisho wake umekatwa.

Kaka alikuwa anamwita. Kulikuwa na gari dogo juu ya jeki, magurudumu yote yametolewa, paipu zimeshafungwa, limebaki kutolewa upepo kwenye breki. Kazi hiyo ni ya watu wawili: mmoja amekaa kwenye usukani anakanyaga pedali, mwingine yuko uvunguni anafungua na kufunga nati ndogo ili upepo utoke na mafuta. Hawaonani. Wanasikizana tu. Bi Paipu akajiviringisha chini ya gari na chupa yake na kipande cha mpira, kama alivyofanya miaka yote.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia hapo hapo."

Akafungua nati. Mafuta yakapita kwenye mpira na mapovu yake, yakaingia chupani. Akafunga.

"Achia. Kaka, nilipokuwa naumwa ulifunga paipu gari la nani?"

"La Mshonaji. Lile kubwa la nyuma ndefu."

"Ulitia paipu gani?"

Juu, pedali ikaachiwa ghafla.

"Kaka."

"Shaba."

"Shaba mchanganyiko ilikuwa imekwisha. Mimi ndiye niliyeimalizia."

"Ya friji," sauti ya kaka ikasema, ndogo, kama inatoka kwenye kiti chenyewe.

Bi Paipu hakutoka. Alibaki pale amelala anatazama tumbo la gari, tone la mafuta likamdondokea shavuni na hakulifuta. Hasira aliitafuta hakuipata. Alichokipata ni uzito, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji njia nzima, akafika mlangoni akaambiwa airudishe mtoni.

"Ni mikono," kaka akasema kutoka juu. "Nilianza na ya chuma. Nilishindwa kuichanua. Nakata, nachanua, mdomo unatoka umekwenda upande. Nakata tena. Vidole havisikii, mdogo wangu, ni kama nimeshika kwa vidole vya mtu mwingine. Na yeye amekaa pale kwenye benchi ananitazama, anasema, 'Pole na kazi, fundi.' Nikasema nitaweka hii kwa muda, ukipona tutaibadilisha. Ukarudi. Nikaona aibu."

"Kwa hiyo ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Na yeye hakuona rangi yake? Shaba inang'aa."

"Niliipaka rangi nyeusi."

Hiyo rangi ndiyo iliyomuuma kuliko yote. Mikono kukataa ni ugonjwa. Lakini kuchukua brashi, kuchovya, kupaka pole pole kuanzia mbele hadi nyuma, hiyo ilikuwa kazi ya mtu mwenye nafasi ya kufikiri. Akajiviringisha akatoka uvunguni.

"Shuka," akamwambia kaka yake. Hakuwahi kumwamrisha maishani. Kaka akashuka.

Wakampigia Mshonaji simu, haikupatikana. Walimfahamu vizuri, mama mwenye duka la kushona sare za shule mtaa wa tatu kutoka pale. Gari lile la zamani aliliachiwa na mumewe, na alilitumia kubebea majora ya vitambaa na kumpeleka mama yake mzazi hospitali kusafishwa kidonda cha mguu. Wakaenda dukani kwa miguu, Bi Paipu mbele, kaka nyuma. Duka lilikuwa limefungwa. Msusi wa jirani, mikono yake imezama kwenye nywele za mteja, akawaambia bila kugeuka, "Amempeleka bibi kwenye kidonda chake. Si muda mrefu uliopita."

Hospitali iko kilimani. Kupanda si hatari sana, gari lenyewe linataka kusimama. Kinachotisha ni kurudi: barabara inateremka moja kwa moja hadi kwenye makutano, mahali ambapo watoto wa shule huvuka wakitoka masomoni. Na magari ya zamani kama lile yana njia moja tu ya mafuta ya breki. Ikipasuka mahali pamoja, pedali inazama hadi sakafuni na hakuna gurudumu linalosikia.

Gari pekee lililokuwa gerejini halikuwa na magurudumu. Wakapanda pikipiki, wote wawili nyuma ya dereva. Kaka alikaa katikati. Barabara ilipoanza kupanda, Bi Paipu alihisi kaka yake anarudi nyuma, anamlemea kifuani, akatambua kwamba mikono yake haiwezi kushika koti la dereva. Akampitishia mikono pande zote mbili, akamshika dereva yeye, kaka yake akiwa ndani kama mtoto anayebebwa. Dereva akauliza kama wote wako sawa huko nyuma. Bi Paipu akamjibu aendeshe.

Walilikuta gari kwenye maegesho ya hospitali. Bibi alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, mguu wake una bandeji mpya, na Mshonaji alikuwa ameshawasha injini, anageuza shingo ili arudi nyuma. Bi Paipu akaruka kutoka kwenye pikipiki akasimama nyuma ya gari, akalipiga buti kwa kiganja.

"Zima! Zima, dada, zima kwanza!"

Mshonaji akazima, akatoa kichwa dirishani. "Bi Paipu? Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Ngoja."

Akalala kwenye lami, akaingiza kichwa chini. Karibu na gurudumu la nyuma, pale paipu inapoingia kwenye nati, palikuwa na unyevu. Mafuta ya breki hula rangi. Yalikuwa yameimenya ile rangi nyeusi ikajikunja kama ganda, na chini yake shaba imeng'aa, nyekundu, na ufa mwembamba kama unywele. Tone likajikusanya, likaanguka. Likajikusanya jingine.

Alipoinuka, Mshonaji alikuwa ameshateremka, amesimama kando yake.

"Leo pedali ilikuwa inashuka kidogo," Mshonaji alisema. "Nikasema labda mguu wangu ndio umechoka. Kuna nini?"

Bi Paipu akamtazama kaka yake. Kaka akasogea mbele, mikono ameining'iniza kama mtu aliyeloweshwa, na akasema mwenyewe. Hakupunguza. Alisema paipu aliyofunga siyo, kwamba alijua siyo, kwamba aliipaka rangi ili asigundue, na kwamba mikono yake ilimshinda lakini mdomo wake haukuwa na ugonjwa wowote, angeweza kusema.

Mshonaji alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuka akamtazama mama yake kwenye kiti cha mbele, ambaye alikuwa anachezea klipu ya mkoba wake bila habari. Akatazama barabara inavyoteremka. Watoto walikuwa wameanza kutoka shule, mashati yao meupe yanaonekana chini kule, mengine bila shaka aliyashona yeye.

"Mimi," akasema, "mtu akiniuliza fundi wa breki, nilikuwa nasema nenda kwa yule baba, funga macho uende." Akaufumbata ufunguo wa gari. "Funga macho."

"Nisamehe, mama."

"Sijui kama nitakusamehe. Sijafika huko. Usiliguse gari langu." Akamgeukia Bi Paipu. "Wewe unaweza?"

"Naweza. Lakini hapa hapa. Haliteremki hili."

Bibi akatafutiwa teksi, akasindikizwa na nesi hadi nyumbani, analalamika kwamba kiti cha teksi ni kigumu. Bi Paipu akarudi gerejini kwa pikipiki ile ile, akachukua paipu ya chuma, kikatio, kifaa cha kuchanulia, spana, chupa, mafuta mapya, na gunia la kulalia. Mlinzi wa maegesho alitaka kuleta maneno kuhusu mafuta kumwagika kwenye lami yake. Akamtazama Bi Paipu usoni, akaamua kwenda kukagua upande mwingine.

Homa ilikuwa imemwacha bila nguvu. Alitoa ile shaba yote, akailaza chini, akaanza kuipinda ya chuma kuifuata, kona kwa kona, akiibana kwenye goti lake kwa kuwa jiliwa lilikuwa mbali. Chuma kilimbishia. Jasho likamwingia machoni. Alipofika mwisho, akaibana kwenye kifaa, akaikaza, akaikaza tena, mdomo ukachanuka vizuri, mviringo, umekunjwa mara mbili kama pindo la nguo. Akautazama, akaridhika. Halafu akaiona nati. Ilikuwa pale chini kwenye gunia. Hakuitia kabla ya kuchanua, na mdomo ukishachanuka nati haipiti tena.

Ni kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza. Akakaa chini kwenye lami na paipu mapajani, akaanza kucheka, na kicheko kikamgeuka njiani kikawa kitu kingine. Mshonaji akachuchumaa.

"Vipi?"

"Nimeshona kabla ya kukata."

"Ah," Mshonaji akasema. "Hiyo mimi nimefanya. Suruali ya mwalimu mkuu. Nilishona mguu mmoja kwenye mguu mwingine." Akampa kitambaa afute uso. "Pumzika kidogo. Halafu fumua."

Kaka alikuwa amesimama mbali, karibu na ukuta. Aliona kila kitu. Hakusogea kwa sababu ameambiwa asiguse, na kusimama pale bila kugusa, alimwambia dada yake baadaye, ndiyo adhabu iliyomwingia.

Bi Paipu akakata, akatia nati kwanza, akachanua upya. Ikabaki kutoa upepo, na hapo akakwama: nani akanyage pedali? Akamtazama kaka, akamtazama Mshonaji.

"Nakanyaga mimi," Mshonaji akasema, tayari anaingia. "Kukanyaga si ndiyo kazi yangu, kila siku kwenye cherehani?"

Na kweli, mguu wake ulikuwa mtulivu kuliko wa fundi yeyote. Akiambiwa kanyaga anakanyaga pole pole hadi mwisho, akiambiwa shikilia hatikisiki. Walizunguka gurudumu kwa gurudumu mpaka mapovu yakaisha. Jua lilikuwa linaondoka walipomaliza. Bi Paipu akaliendesha yeye mwenyewe kuteremka kilima, Mshonaji pembeni, akijaribu breki kila baada ya muda mfupi. Likasimama kila mara. Kwenye makutano Mshonaji akashusha pumzi kwa sauti, kama mtu aliyekuwa anaizuia tangu juu.

Kaka aliteremka kwa miguu.

Kesho yake Bi Paipu alianza kuzungukia magari yote yaliyopita gerejini alipokuwa mgonjwa. Kaka aliapa kwamba ni lile moja tu, na dada aliamini, lakini alikwenda. Aliingia uvungu wa kila moja, akakwangua paipu kwa ncha ya kisu kuona rangi ya ndani. Zote zilikuwa sawa. Wengine walimshukuru kwa kuwajali. Wengine walishtuka wakauliza kwa nini, naye akawaambia kwa nini. Kati ya hao wapo ambao hawakurudi tena. Hakuwalaumu.

Wifi yake, mke wa kaka, alimfuata gerejini jioni ya wiki ile, akakaa kwenye benchi linaloyumba.

"Mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya shati," akasema. "Muda mrefu sasa. Aliniapisha nisikuambie. Alisema ukijua utabeba kazi zote peke yako, na wewe tayari umechoka."

"Sasa je, wifi? Sijazibeba?"

"Ndiyo hivyo," wifi akasema. Wakakaa wanatazama lile shimo.

Kaka akapelekwa kwa daktari. Waliambiwa mishipa ya fahamu imebanwa shingoni, kwa miaka ya kulala chali huku kichwa kimeinuliwa. Akapewa dawa na mazoezi. Vidole vilirudi kidogo, vya kushikia kikombe, si vya kuanzishia nati. Kwa muda hakufika gerejini. Kisha akaanza kuja tena, anafika mchana, anakaa, anapokea simu, anawaambia wateja ukweli: kwamba fundi ni dada yake, na yeye ni mtu wa kukaa. Ilimgharimu kusema hivyo. Mwanzoni alikuwa anasema huku anatazama pembeni.

Wao wenyewe hawakulizungumza tena jambo lile ila mara moja, wakila chakula cha mchana mezani kwenye jiliwa.

"Ungeniambia tu," Bi Paipu alisema.

"Najua."

"Ningekasirika, lakini ungeniambia."

"Sikuogopa ukasirike. Niliogopa unionee huruma."

Bi Paipu akatafuna, akameza. "Huruma hiyo nilikuwa nayo hata kabla," akasema. "Ulifikiri nilikuwa naamini habari ya miwani?"

Kaka akacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kilimani, akacheka mpaka akakohoa.

Mshonaji aliendelea kuleta gari lake. Alifika, akamsalimia kaka kwa adabu ya kawaida, wala si zaidi, akaenda moja kwa moja kwa Bi Paipu. Kaka naye hakudai zaidi.

Siku moja ya joto kali, mabati yanalia juu, Bi Paipu alimaliza gari la asubuhi akaenda kwenye jingine lililokuwa linangoja, gari la zamani lenye kiti kirefu cha nyuma. Akafungua mlango ili atoe mkeka wa sakafuni. Kiti kilikuwa laini. Akakaa kidogo kupumzisha mgongo. Akainua miguu, viatu akaviacha nje ya mlango, akajilaza ubavu.

Mwenye gari alipofika kuuliza kazi imefika wapi, alimkuta kaka amesimama mlangoni mwa gereji, amemzibia njia.

"Haijaanza," kaka akamwambia kwa sauti ya chini.

"Kwa nini? Fundi yuko wapi?"

"Yumo ndani ya gari lako. Amelala."

Yule mtu akachungulia juu ya bega lake, akaiona miguu ya mwanamke mtu mzima imekunjwa kwenye kiti chake, soksi moja imetoboka kisiginoni.

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Rudi kesho," kaka akasema. "Na ukienda, tafadhali, usipige honi ya lile lori ulilokuja nalo. Mwache alale."